Chake na cha Kukodi: Umiliki wa Tovuti ya Biashara Ndogo Kigali

Tovuti ya biashara ndogo ni mali ya aina gani, na mwenyewe hasa ni nani? Swali hili lina haki ya kutangulia maswali ya bei, sura na kasi, ingawa mara nyingi huulizwa mwisho, baada ya jambo kuharibika. Seremala wa Gisozi, mshonaji wa Kimironko au mwenye nyumba ya wageni Nyamirambo anayetaka biashara yake ionekane mtandaoni ana njia nne mbele yake. Anaweza kumlipa fundi amtengenezee tovuti tangu mstari wa kwanza. Anaweza kuchukua programu huria kama WordPress na kuiweka kwenye seva anayoilipia. Anaweza kujiunga na jukwaa la kukodi kama Wix, Squarespace au Shopify, ambako kila kitu kimeshaandaliwa na kazi yake ni kujaza picha, maneno na bei, kisha kulipa ada. Au anaweza kuacha habari ya tovuti kabisa, akatosheka na ukurasa wa Facebook au Instagram pamoja na namba ya WhatsApp. Gharama za njia hizi hazilingani, wala kazi yake hailingani. Lakini zinatofautiana zaidi katika jambo moja: kila njia humwachia mfanyabiashara sehemu tofauti ya kile alichokijenga kwa jasho lake, na kumweka chini ya mkono wa mtu mwingine tofauti.

Mkazi wa Kigali hahitaji kufundishwa kwamba umiliki una madaraja. Sheria ya ardhi ya Rwanda ya 2005 iliihesabu ardhi kuwa urithi wa Wanyarwanda wote, waliotangulia, waliopo na watakaozaliwa. Mtu binafsi hupewa juu ya kiwanja chake haki za muda mrefu, aghalabu kwa mkataba wa upangaji unaoweza kufika miaka 99. Uandikishaji uliofanyika nchi nzima kuanzia 2009 ulipima vipande zaidi ya milioni 10, na mwenye hati anaweza kujenga, kurithisha, kuuza haki yake au kuiweka rehani benki. Hakuna anayesema mtu huyo hana kitu kwa sababu tu dola imebaki na neno la mwisho. Kinachoulizwa ni haki zipi ziko mkononi mwake, kwa muda gani, na nani anaweza kuziondoa na kwa utaratibu upi. Tovuti nayo ichunguzwe vivyo hivyo. Anayesema “tovuti yangu” anataja kwa mkupuo mambo matano: jina, maudhui, programu inayoyaonyesha, seva inayoyahifadhi, na orodha ya wateja waliopita hapo. Anaweza kuwa bwana wa moja na mpangaji wa manne.

Jina ndilo la kwanza, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Majina yanayoishia kwa .rw husimamiwa na RICTA, jumuiya ya wadau wa intaneti wa Rwanda, iliyokabidhiwa kazi hiyo 2012 baada ya miaka mingi ambayo jina la nchi lilisimamiwa kutoka nje ya nchi. Hata jina hilo halinunuliwi moja kwa moja: huandikishwa kwa kipindi na kulipiwa upya kipindi kinapokwisha. Hata hivyo, haki juu ya jina la biashara ni haki ya kweli. Wanazuoni wa Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, walitamka kwamba jina la biashara, alama yake na haki za uvumbuzi na utunzi ni mali inayotambulika kisheria, isiyofaa kuingiliwa. Uamuzi huo ulitolewa kabla ya biashara yoyote kuwa na tovuti, lakini unagusa hasa kinachomhusu mwenye duka wa Biryogo. Sifa njema aliyoijenga kwa miaka imeshikamana na jina, na jina linapoandikishwa kwa barua pepe ya fundi badala ya yake mwenyewe, sifa hiyo inakuwa imewekwa mfukoni mwa mtu mwingine, hata kama fundi huyo ni mwaminifu na hajawahi kufikiria kuitumia vibaya.

Padri Alexis Kagame, mwanafalsafa na mwanahistoria wa Rwanda, alichapisha mwaka 1956 uchambuzi wake wa falsafa ya kuwepo kwa kuitazama lugha ya Kinyarwanda. Alivigawa vyote vilivyopo katika makundi manne: chenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna. Wengi wamebishana naye, wakiuliza kama sarufi inaweza kubeba falsafa nzima ya watu. Ubishi huo una msingi. Lakini kitendo chake cha kuweka mahali na wakati katika kundi moja kinaangaza suala la tovuti kuliko istilahi nyingi za kisasa. Tovuti ni mahali ambapo hapawezi kutenganishwa na muda wake. Duka la matofali likikosa mwangalizi hubomoka polepole, na magofu yake hubaki. Kipindi cha jina kikiisha bila kulipiwa, mahali penyewe hukoma, na baadaye jina linaweza kuandikishwa na mgeni kabisa. Kwa hiyo swali la mahali pa kujenga mtandaoni ni swali la muda pia: nani anaumiliki wakati ambao mahali hapa patakuwepo?

Fiqhi ya Kiislamu imelifanyia kazi swali la namna hii kwa karne nyingi, na istilahi zake zimo katika Kiswahili tayari. Hutenganisha ain, yaani kitu chenyewe, na manfaa, yaani faida ya kukitumia. Mwenye nyumba hubaki na ain. Mpangaji hununua manfaa kwa muda. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, huyahesabu manfaa kuwa mali kamili, si kivuli cha mali. Kupanga, basi, si udhaifu wala aibu. Lakini ijara, mkataba wa upangaji, ina masharti: manfaa yajulikane, muda ujulikane, malipo yajulikane. Mkataba uliojaa yasiyojulikana huingia katika gharari, na gharari iliyokithiri huuharibu.

Kwa kipimo hicho majukwaa ya kukodi huonekana katika mwanga mpya. Ada yake inajulikana, angalau kwa mwaka huu. Manfaa yake ni makubwa: mtu asiyejua hata mstari mmoja wa programu anaweza kuwa na duka linalofanya kazi jioni ileile, na ulinzi wake ukatunzwa na wataalamu. Kasoro iko kwenye masharti ya huduma, ambayo kwa kawaida humruhusu mwenye jukwaa kubadilisha bei, kuondoa huduma au kufunga akaunti, naye mpangaji hana la kufanya ila kukubali au kuhama. Na kuhama ndiko kunakofichua ukweli wa mkataba. Wix yenyewe hueleza kwamba tovuti iliyojengwa kwake haiwezi kuchukuliwa ikaendeshwa kwenye seva nyingine. Squarespace humwezesha mtu kutoa sehemu ya maudhui yake. Shopify humwezesha kupakua orodha za bidhaa, wateja na oda. Kampuni hizi hazijamdanganya mtu, masharti yameandikwa. Tatizo ni kwamba mwenye biashara ndogo husoma bei na kupita, kisha hugundua maana ya masharti siku anayotaka kuondoka.

Hali ya ukurasa wa bure ni nyembamba zaidi, kwa kuwa pale hakuna hata ijara. Anayetumia bila kulipa yuko karibu zaidi na aliyeazimwa kitu, na mwenye kuazimisha anaweza kukitaka kitu chake wakati wowote. Google iliwahi kuwatengenezea wafanyabiashara wadogo tovuti za bure kutokana na taarifa walizoweka kwenye ramani. Machi 2024 ilizizima. Kwa miezi michache waliozitembelea walielekezwa kwenye wasifu wa biashara, kisha baada ya 10 Juni anwani zikafa. Aliyekuwa ameichapisha anwani hiyo kwenye kadi, kwenye kibao cha duka au ubavuni mwa gari alibaki na kibao kinachoelekeza pasipo na kitu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotoweka kwa pamoja kwa takribani saa sita, mwenye duka aliyeweka matangazo, oda na mazungumzo yote ndani ya nyumba hizo tatu aligundua kwamba alikuwa na mlango mmoja tu.

John Locke, katika kitabu chake kuhusu serikali kilichotoka 1689, alifundisha kwamba mtu hupata mali kwa kuchanganya kazi yake na kitu kisicho na mwenyewe. Mafundisho hayo yana jibu rahisi kwa mkulima anayefyeka pori, lakini hayamfikishi mbali mshonaji anayepiga picha 200 za nguo zake na kuzipanga ndani ya jukwaa la mtu. Kazi ni yake, ardhi ya chini si yake, na vyote viwili vimefumwa hadi haviachani. Historia ya Rwanda inatoa fikra nzito zaidi. Katika ubuhake, mfumo wa kale wa kukabidhiana ng’ombe, mgaragu, yaani mtu wa chini, alipewa ng’ombe na shebuja, yaani bwana wake, akafaidi maziwa na sehemu ya uzao, ilhali haki ya mwisho juu ya ng’ombe ilibaki kwa shebuja. Mwami Mutara III Rudahigwa alipoufuta mfumo huo 1954, ilibidi kuamuliwa ng’ombe gani waende na nani. Hapo ndipo ilipoonekana kwa macho kwamba uchungaji wa miaka mingi unaweza kumwacha mchungaji bila chochote cha kuondoka nacho, kama hakuna anayemhesabia. Ubuhake ulikuwa uhusiano ulioshika utu wote wa mtu, wenye heshima, ulinzi na udhalili ndani yake, na mteja wa jukwaa la mtandaoni hafungwi kwa namna hiyo hata kidogo. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka katika historia hiyo ni kipimo chake tu: haki ya mtu katika uhusiano wowote wa manfaa hupimwa kwa kile anachoweza kuondoka nacho. Mfanyabiashara anayeweza kuondoka na jina, maandishi, picha na orodha ya wateja wake ni mpangaji huru, hata kama kila kitu kingine ni cha kukodi. Asiyeweza ni mtu wa nyumba ya mwingine, hata kama ameambiwa kwamba hiyo ni yake.

Programu huria zilizaliwa kutokana na wasiwasi wa aina hiyo. Richard Stallman alianzisha mradi wa GNU 1983, na baadaye dai lake likaelezwa kama uhuru wa aina nne kwa kila mtumiaji: kuendesha programu apendavyo, kuichunguza na kuibadilisha, kuigawa kwa wengine, na kuyagawa mabadiliko yake. WordPress, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Mei 2003, iko chini ya leseni ya ukoo huo, na leo inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Mwenye duka wa Remera akiitumia, hakuna kampuni inayoweza kumnyang’anya programu hiyo, na anaweza kuibeba pamoja na maudhui yake kutoka seva hii hadi ile. Kwa kipimo cha kuondoka, hakuna njia inayoishinda.

Lakini uhuru ulioandikwa kwenye leseni si uhuru alionao mtu. Haki ya kuichunguza programu haimnufaishi asiyeweza kuisoma. Tovuti ya namna hii inadai kusasishwa, kufanyiwa nakala rudufu, na kulindwa dhidi ya wanaotafuta matundu usiku na mchana. Mwenye duka asipoweza kufanya hayo, humtegemea fundi, na utegemezi aliouhepa kwa kampuni ya mbali unarudi ukiwa na sura ya kijana wa mtaa wa pili mwenye neno la siri peke yake. Papa Yohane Paulo II aliandika katika waraka wa Centesimus Annus, 1991, kwamba katika nyakati zetu kuna umiliki mwingine usiopungua uzito wa ardhi, nao ni umiliki wa ujuzi na teknolojia. Neno hilo linagusa hasa hapa. Kigali imewekeza katika ujuzi huo: kituo cha kLab kilifunguliwa Kacyiru 2012 kwa ajili ya vijana wa teknolojia, na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi lake mjini humo. Bado ujuzi wa vijana hao hauwi wa mwenye duka kwa kuwa tu wote wanaishi mji mmoja. Mkataba wa haki kati ya fundi na mteja ni ule unaohamisha kiasi fulani cha ujuzi pamoja na kazi: mwenye duka afundishwe kubadilisha bei, kupakua nakala, na kuingia kwenye akaunti ya jina lake bila kuomba ruhusa. Fundi anayefanya hivyo hupunguza simu atakazopigiwa baadaye, na huenda akapunguza hata pato lake. Hiyo ni sadaka ndogo, na ni kazi yenye heshima kubwa.

Hadi hapa mfanyabiashara ametazamwa kama mtu anayedai. Lakini anayefungua tovuti anakuwa pia mdaiwa, kwa sababu watu humwachia majina yao, namba zao za simu na anwani zao. Taarifa hizo si mali yake kwa maana ileile ambayo kabati la mbao ni mali ya seremala. Ni amana. Fiqhi humhesabu mtunza amana kuwa mwaminifu asiyedaiwa kilichopotea bila kosa lake, ila akifanya uzembe au akikitumia kitu nje ya alichoruhusiwa, hulipa. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha imefika mahali karibu na hapo kwa njia yake. Mwenye taarifa ana haki ya kujua zinatumiwaje, kupinga, kutaka zifutwe, na kuzichukua akazipeleka kwingine. Anayezikusanya hujiandikisha kwa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria inataka pia taarifa zihifadhiwe ndani ya Rwanda, na kuzihifadhi nje kunaruhusiwa kwa mwenye cheti halali cha usajili kinachomruhusu kufanya hivyo. Kipindi cha kujiandaa kilikwisha Oktoba 2023.

Sharti hilo la kuhifadhi taarifa nchini hubadilisha hesabu ya mahali pa kujenga. Majukwaa mengi ya kukodi huweka seva zake mbali, na mfanyabiashara mdogo hujikuta amekabidhi amana ya jirani yake kwa mtunzaji asiyemjua, katika nchi asiyoitaja kwa mteja. Kuna sababu nyingine ya kuweka tovuti karibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwemo. Mtandao wa ndani una njia yake: kituo cha kubadilishana data cha RINEX, kilichoanzishwa 2004, huwezesha data inayotoka Kigali kwenda Kigali isizunguke ng’ambo. Mteja wa Kicukiro anayetafuta bei ya godoro la Nyabugogo hana sababu ya kuvuka bahari.

Njia bora ya kulinda amana, hata hivyo, ni kutopokea isiyohitajika. Mtu hukusanya tarehe za kuzaliwa na barua pepe kwa sababu tu kiolezo kilikuja na visanduku vyake. Biashara nyingi ndogo za Kigali hazihitaji kutunza taarifa za kadi za benki hata moja, kwa kuwa mteja hulipa kwa simu, njia iliyoenea tangu MTN ilipoanzisha huduma hiyo nchini 2010. Kurasa chache zenye bidhaa, bei, mahali lilipo duka, saa za kazi na namba ya simu zinatosha kwa mshonaji, na tovuti isiyohifadhi jina la mtu haiwezi kulivujisha. Udogo wa namna hiyo unastahili heshima kama uamuzi wa kimaadili, wala usitazamwe kama dalili ya umaskini.

Kuna deni jingine kwa umma, fupi kulieleza. Duka lenye mlango barabarani huingiwa na yeyote. Tovuti nzito inayodai simu ya bei na data nyingi imeshawafukuza wengine kabla hawajabisha. Lugha nayo hufungua au hufunga. Kinyarwanda hukifikia kila chumba cha Kigali, Kifaransa na Kiingereza huwafikia wageni na wasomi, na Kiswahili, kilichoongezwa kuwa lugha rasmi 2017, kimezungumzwa Biryogo na Nyamirambo tangu enzi za wafanyabiashara na askari waliotoka pwani, muda mrefu kabla sheria haijakitaja. Na picha zisiseme uongo: kasoro ya bidhaa ambayo muuzaji angelazimika kuitaja uso kwa uso haifutiki kwa sababu tu mnunuzi yuko nyuma ya skrini.

Uamuzi wa njia, basi, hutegemea mtu na kazi yake. Anayejaribu biashara kwa miezi michache hana kosa kuanzia kwenye ukurasa wa bure, alimradi jina ameshaliandikisha kwa barua pepe yake na namba za wateja ameziandika mahali pake. Mwenye duka linalouza kila siku na asiye na fundi wa kumwamini atatulia zaidi kwenye jukwaa la kukodi linaloruhusu kupakua orodha zake. Mwenye fundi mwaminifu na nia ya kukaa miaka mingi ana kila sababu ya kuchagua programu huria kwenye seva ya nchini. Tovuti iliyoandikwa upya kabisa haistahili gharama yake ila pale ambapo kazi yenyewe haina mfano.

Linabaki suala la kifo, ambalo wenye biashara hulikwepa. Wanazuoni wa Kihanafi walisema ijara hukatika mmoja wa wahusika akifa. Washafii na wengi wengine walisema huendelea kwa warithi hadi muda wake uishe. Katika mtandao jibu hutolewa na jambo la chini zaidi kuliko fiqhi: kama mrithi anajua mahali pa kuingilia. Mjane au mtoto asiyejua jina limeandikishwa wapi, linalipiwa lini na kwa barua pepe ipi, hatarithi chochote, awe na haki kiasi gani. Maelezo hayo huenea kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo hutunzwa pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha usajili wa biashara, na husahihishwa kila neno la siri linapobadilishwa.